Umemaliza kidato cha sita, sasa usome nini? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Julai, Baraza la Mitihani la Tanzania likishatangaza matokeo ya kidato cha sita, simu yangu hailali. Nimefundisha kidato cha tano na cha sita kwa miaka 12, na muda mwingi nimekuwa mwalimu wa ushauri na unasihi, kwa hiyo vijana wangu na wazazi wao wanajua pa kunipata. Maswali yao yanafanana mno. Nimeyaweka hapa kama wanavyoyauliza, na nimeyajibu kama ninavyowajibu wakiwa wamekaa mbele yangu na karatasi ya matokeo mkononi.

Mwalimu, nimepata daraja la pili la pointi 11. Kwa hiyo chuoni nina pointi 11?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapoanza kupotea. Kuna hesabu mbili, na zinakwenda kinyume. Baraza la Mitihani linahesabu A kuwa 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6 na F 7, kisha linajumlisha masomo matatu ya tahasusi yako. Huko, ndogo ndiyo nzuri: 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 la pili, 13 hadi 17 la tatu. Vyuo vikuu, kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), vinahesabu A kuwa 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Huko, kubwa ndiyo nzuri.

Chukua kijana wa PCB mwenye Kemia C, Baiolojia C na Fizikia E. Kwa Baraza ana 3 na 3 na 5, jumla 11, daraja la pili. Kwa chuo ana 3 na 3 na 1, jumla 7. Ni karatasi ile ile.

Sharti la jumla la kuingia shahada ya kwanza ni ufaulu kamili, yaani A mpaka E, ule ambao wanafunzi wanauita prinsipo, katika masomo mawili, na masomo hayo mawili yafikishe angalau pointi 4. Lakini usisome sentensi hiyo ukaishia hapo. Masomo mawili yanayohesabiwa ni yale ambayo kozi yenyewe imeyataja. Nimemwona kijana wa HGE mwenye Historia B, Jiografia D na Uchumi S akilia kwa kukataliwa shahada ya uchumi huku ana pointi 6. Pointi alikuwa nazo, ila somo walilolihitaji ndilo alilopata S, na S si prinsipo. Angesoma mstari wa kozi ile kwanza, angejaza nyingine na angeipata.

Mstari huo uko kwenye Mwongozo wa Udahili ambao TCU huutoa kila mwaka, mmoja kwa waliotoka kidato cha sita na mwingine kwa wenye stashahada. Kila kozi imeandikiwa masharti yake, miaka yake na idadi ya nafasi. Usome Mwongozo wa mwaka wako, maana wa kaka yako huenda umeshabadilika. Na kama tahasusi yako haikuwa na Hisabati kamili, angalia vizuri kozi zinazodai ufaulu wa BAM, ile hisabati ndogo ya nyongeza. Somo mlilolidharau kidato cha tano linakuja kudai chake Julai hii.

Kozi gani ina soko?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo ninalolijibu polepole kuliko yote.

Kuanzia 2010 gesi ilipoanza kugunduliwa kwenye kina kirefu cha bahari, pwani ya Mtwara na Lindi, nchi nzima ilizungumza gesi. Vijana wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) walitaka mafuta na gesi tu. Wazazi waliniambia, "Mwalimu, huyu asome petroli, miaka minne tu maisha yamebadilika." Bomba la kuleta gesi Dar es Salaam likakamilika 2015. Ila kiwanda kikubwa cha kugeuza gesi kuwa kimiminika kule Lindi, ambacho ndicho watu walikipigia hesabu ya ajira, kikabaki kwenye mazungumzo mwaka hadi mwaka. Vijana wakahitimu, wakarudi nyumbani na vyeti vyenye jina zuri.

Nililojifunza ni kwamba aliyesoma uhandisi mitambo, umeme au kemikali alikuwa na pa kwenda hata gesi ilipochelewa: viwanda vya saruji, migodi, mitambo ya maji, viwanda vya vinywaji. Aliyesoma kozi iliyobanwa kwenye sekta moja alibaki akisubiri sekta hiyo iamke. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: shahada ya kwanza chukua fani pana, ubobezi uje baadaye ukiwa umeona kazi kwa macho. Soko unalolisikia leo ni la leo, na wewe utaingia sokoni baada ya miaka mitatu, minne, au sita.

Nina kipimo kimoja ninachowapa wote. Ukinitajia kozi, nitajie sehemu tano hapa nchini ambako mtu wa kozi hiyo anafanya kazi sasa hivi, ameajiriwa au amejiajiri, ukiondoa chuo kinachoifundisha. Ukishindwa kuzitaja, kozi hiyo bado hujaijua, umelipenda jina lake. Nenda kaulize, kisha urudi.

Ualimu nao una mambo yake. Walimu wa Fizikia au Hisabati hawajawahi kuwa wengi katika shule zetu. Mwalimu wa Historia na Kiswahili anasubiri foleni ndefu, na siku hizi walimu nao wanaitwa kwenye usaili kupitia Sekretarieti ya Ajira, haitoshi tena kuwa na cheti. Simkatazi mtu ualimu. Mimi mwenyewe ndio kazi yangu na naipenda. Namkataza kuuchukua kama chumba cha kusubiria.

Baba anataka niwe daktari. Nisipokuwa daktari, PCB yote si imepotea?

Haijapotea hata kidogo, na naomba baba naye asome hapa.

Udaktari wa binadamu ni miaka mitano darasani na wodini, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kazini kabla ya kusajiliwa kikamilifu na Baraza la Madaktari. Kozi inadai Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu, na ushindani wa nafasi Muhimbili au vyuo vingine vya umma ni mkali kuliko masharti ya chini yaliyoandikwa. Kijana ambaye alama zake zinagusa tu masharti hayo anaweza kupata tumaini, kisha akamaliza dirisha zima la maombi akijaza udaktari vyuo vitano na kukosa vyote. Vyuo binafsi vipo, lakini ada yake kwa mwaka inaweza kuwa mara tatu au zaidi ya ile ya chuo cha umma, na ni miaka mitano. Pigeni hesabu ya mwaka wa tano, maana ng'ombe wa kuuza kwa ada ya mwaka wa kwanza hupatikana.

Nilikuwa na binti mmoja wa PCB, mwenye bidii, ambaye nyumbani alishaanza kuitwa "dokta" tangu kidato cha tatu. Shangazi yake alimwombea nafasi ya kushinda hospitali ya wilaya wiki tatu baada ya mtihani. Wodini alikaa siku nne. Siku ya tano akaingia maabara kupeleka sampuli na hakutoka tena. Aliporudi kunisalimia vidole vyake vilikuwa bado na madoa ya zambarau ya rangi ya kupakia vioo vya damu. Akanieleza, bila hata kukaa, jinsi wanavyohesabu vimelea vya malaria huku wakihesabu chembe nyeupe mpaka zifike 200, ndipo wanapojua mgonjwa ana vimelea vingi kiasi gani. "Mwalimu, kule ndiko daktari anakosubiri jibu." Alisoma sayansi ya maabara ya tiba. Baba yake alinuna mwaka mzima, kisha akazoea.

PCB ina milango mingi kuliko watu wanavyodhani: ufamasia, uuguzi, radiolojia, fiziotherapia, afya ya mazingira, tiba ya mifugo kule Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Pale hospitali ya KCMC Moshi kuna chuo cha TATCOT kinachofundisha kutengeneza viungo bandia na vifaa vya kumsaidia mtu kutembea, na wanafunzi wanakuja kutoka nchi nyingi za Afrika. Nikiwauliza wanafunzi 40 wa PCB ni wangapi wamewahi kuisikia fani hiyo, naona mikono miwili. Ajali za pikipiki tunaziona kila siku, lakini hatujiulizi nani atawatengenezea miguu hawa vijana.

Kwenda stashahada baada ya kidato cha sita si ni kurudi nyuma?

Neno hilo "kurudi nyuma" limeharibu maisha ya watu wengi.

Mwenye stashahada, ngazi ya 6 ya NACTVET (baraza la elimu ya ufundi), akiwa na wastani wa GPA 3.0 na ufaulu wa angalau masomo manne ya kidato cha nne, anaruhusiwa kuomba shahada katika fani inayoendana. Vyuo vingi vinamwingiza aliyetoka kidato cha sita moja kwa moja ngazi ya 5 kama ana prinsipo moja na S moja, kwa hiyo anamaliza kwa miaka miwili. Akifika chuo kikuu ana kitu ambacho mwenzake hana: ameshashika kazi.

Na kuna kazi ambazo moyo wake uko kwenye vyuo vya kati. Ukitaka kuwa mtu wa hifadhi, Mweka pale chini ya Kilimanjaro wanafundisha usimamizi wa wanyamapori tangu 1963. Ukitaka uvuvi na ufugaji samaki, kuna FETA, yenye kampasi Mbegani Bagamoyo na Nyegezi Mwanza. Viwanda vya mbao na useremala wa kisasa, nenda FITI Moshi. Mabaharia wako Chuo cha Bahari Dar es Salaam, na watu wa maji wana Chuo cha Maji. Tabibu mwenye stashahada ndiye anayekutana na wagonjwa wengi wa vijijini kabla daktari hajawaona.

VETA nayo, vyuo vya ufundi stadi, mlango wake ni mpana. Fundi umeme wa magari anayejua kusoma mfumo wa kompyuta ya gari, niambie ni mtaa gani amekosa wateja. Kijana mmoja wangu wa PCM alipata pointi za uhandisi, akasoma VETA kwanza ufundi wa friji na viyoyozi kwa sababu ada haikupatikana mwaka ule. Alipoingia chuo mwaka uliofuata, alikuwa anajilipia pango kwa kutengeneza friji za maduka ya jirani na hosteli. Kwenye mafunzo kwa vitendo wenzake walikuwa wanashika bisibisi kwa mara ya kwanza.

Nilisoma masomo ya sanaa. Yaani ni ualimu au sheria tu?

Tuanze na sheria, kwa kuwa wengi wanaikimbilia wakidhani ukimaliza shahada umekuwa wakili. Hujawa. Lazima upite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile inayojulikana kama Law School. Mwaka 2022 nchi ilishtuka matokeo yalipoonyesha kuwa kati ya wanafunzi 633 waliofaulu moja kwa moja ni 26, mpaka serikali ikaunda kamati kuchunguza. Sisemi hivyo kukutisha. Nasema uingie ukijua kuwa safari ina sehemu mbili, na hiyo ya pili ina ada yake na jasho lake. Kama unapenda kusoma kurasa nyingi, kuandika kwa usahihi na kubishana kwa hoja, nenda. Kama unapenda suti, fikiri tena.

Nje ya hizo mbili pako pana. Mwenye Jiografia asome kwa makini kurasa za Chuo Kikuu Ardhi na za Chuo cha Mipango Dodoma. Ustawi wa jamii unafundishwa Kijitonyama, maendeleo ya jamii Tengeru, utunzaji wa kumbukumbu na nyaraka kwenye Chuo cha Utumishi wa Umma. Mwenye Uchumi na Jiografia akiongeza takwimu anakuwa mtu anayetafutwa na kila mradi.

Na Kiswahili. SADC ilikifanya lugha rasmi 2019, UNESCO ikaitangaza 7 Julai kuwa siku yake 2021, na BAKITA ina kanzidata ya wataalamu wake. Ila kazi ya ukalimani na tafsiri haiji kwa kuwa umezaliwa unakiongea. Inataka lugha ya pili uimudu kweli kweli, Kifaransa, Kiingereza, Kireno, Kiarabu au Kichina, na inataka mazoezi kila siku. Mtu wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) anayeongeza Kifaransa tangu mwaka wa kwanza, mimi simhofii.

Uhandisi, uhasibu, ununuzi: nikimaliza shahada si ndiyo basi?

Siyo basi. Fani nyingi zina bodi, na bodi ndiyo mlango wa mwisho. Mhandisi anasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB): anaanza kama mhandisi mhitimu, na huchukua miaka kama mitatu ya kazi chini ya uangalizi kabla hajawa mhandisi mtaalamu. Mhasibu bila CPA, cheti cha taaluma kinachotolewa na bodi ya wahasibu (NBAA), atafanya kazi, lakini atakuta nafasi za juu zimefungwa. Mtu wa ununuzi na ugavi ana PSPTB. Msanifu majengo na mkadiriaji majenzi wana AQRB. Kabla hujajaza kozi, jua bodi yake, na uulize kama bodi hiyo inaitambua shahada ya chuo unachokitaka. Swali hilo linachukua dakika tano, na nimeona watu wakilijutia baada ya miaka minne.

Kompyuta ndiyo fani ambayo cheti kinasema kidogo kuliko kazi uliyokwisha kuifanya. Ukiipenda, anza kuandika programu sasa hivi, kabla ya chuo kufunguliwa.

Nichague kozi ambayo mkopo wake unapatikana kirahisi?

Bodi ya Mikopo ina vipaumbele vya kozi, ni kweli, na huvitangaza kila mwaka katika mwongozo wake. Kwa familia isiyo na kitu, kupuuza vipaumbele hivyo ni kujidanganya. Lakini mkopo ni deni. Ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara. Kwa mshahara wa 800,000 ni 120,000 kila mwezi. Utailipa kozi hiyo kwa miaka mingi, basi iwe kozi ambayo ungeweza kuifanyia kazi.

Yapo mambo yanayowakwamisha watu kila mwaka. Kuomba chuo na kuomba mkopo ni maombi mawili tofauti. Ukipata chuo hujapata mkopo. Cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, au kwa Zanzibar na wakala wao wa usajili, na uhakiki huo usiusubirishe mpaka wiki ya mwisho. Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Majina yafanane kila mahali: kama cheti cha kuzaliwa kinasema Asha na cha kidato cha nne kinasema Aisha, shughulikia leo.

Mkopo unagawanywa vipengele: ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo, utafiti. Unaweza kupata kimoja ukakosa kingine, au ukapata asilimia fulani tu ya ada. Bumu, kama mnavyoiita hela ya mkopo ya kujikimu, huchelewa mara nyingine, kwa hiyo beba hela ya kula ya mwezi wa kwanza. Waliofaulu sana masomo ya sayansi waulize kuhusu Samia Scholarship, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/2023; hiyo ni ufadhili, hairudishwi. Na tangu 2023/2024 baadhi ya kozi za stashahada nazo zinakopeshwa.

Chuo kikubwa cha Dar au cha mkoani?

Angalia kwanza kama TCU inakitambua na kama kozi yenyewe ina ithibati, kwa sababu vyuo vimewahi kufutiwa vibali huku wanafunzi wakiwa madarasani. Baada ya hapo jina la chuo lina uzito mdogo kuliko mnavyofikiri. Uliza maabara zikoje na mafunzo kwa vitendo wanapeleka wapi. Kisha piga hesabu ya kuishi: nauli na pango la Dar vinaweza kumeza tofauti yote ya ada. Kilimo nisingekisoma mahali pengine wakati SUA ipo.

Naweza kumwachia wa steshenari anijazie maombi?

Akuchapie, sawa. Asikuchagulie.

Mwaka juzi nilimsindikiza mtoto wa jirani kwenye steshenari moja karibu na stendi. Benchi lilikuwa limejaa. Kijana wa pale alikuwa amefungua kurasa za vyuo vinne kwa wakati mmoja, akiuliza bila kugeuka: "Tahasusi? EGM? Nikuwekee hii, mkopo wake hausumbui." Na watoto wakaitikia, "Weka." Kozi ya miaka mitatu ikachaguliwa kabla chai haijapoa. Binti mmoja aliyekuwa mbele yetu aliwekewa namba ya simu ya steshenari kwa kuwa yake haikuwa na chaji. Alichaguliwa vyuo viwili, namba ya siri ya kuthibitisha ikaenda kwenye simu isiyo yake, na mwenye simu alikuwa amesafiri. Tuliipata siku ya mwisho, saa kumi jioni.

Nenda na karatasi uliyokwisha kuiandika nyumbani: kozi zako kwa mpangilio, namba yako ya mtihani, namba ya simu utakayokuwa nayo mpaka Novemba, barua pepe yako na nywila yake. Kwa kuwa matokeo huwakuta wengi kambini Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), mara nyingi anayejaza ni mama au kaka. Basi karatasi hiyo mwachie kabla hujaripoti kambini, imeandikwa kwa mkono wako.

Nimechaguliwa vyuo vitatu. Nifanyeje?

Thibitisha kimoja, ndani ya muda uliotangazwa, kwa namba ya siri utakayotumiwa. Usipothibitisha popote unaweza kukosa vyote.

Nikishaanza nikagundua nimekosea kozi?

Sema mapema. Muda wa uhamisho hutangazwa mara baada ya masomo kuanza, na hufungwa haraka. Utahitaji kuwa na sifa za kozi unayoiendea na nafasi iwepo, na kama una mkopo, taarifa za Bodi nazo lazima zihamie.

Mimi nilinyamaza. Nilisoma uhasibu kwa kuwa kaka yangu alikuwa mhasibu na nyumbani tulimwona amefanikiwa. Wiki ya tatu nilijua kuwa si kwangu. Niliona aibu kusema, kwa sababu mama alikuwa ameuza ng'ombe wawili kwa ajili ya ada ile. Mwisho wa mwaka nikawa na sapu tatu, yaani mitihani ya kurudia, nikafeli mbili, nikadisko: nikaondolewa chuoni. Mwaka uliofuata nikaanza upya ualimu wa Jiografia. Mama alipojua ukweli hakunigombeza. Aliuliza tu kwa nini sikumwambia wakati ng'ombe wa pili alikuwa bado zizini.

Kuna wakala anasema atanipeleka kusoma nje kwa nusu bei.

Muulize jina kamili la chuo, kisha ukakiulize TCU kama wanakitambua, kabla hujatoa hata shilingi. Ukirudi na cheti kisichotambuliwa hapa, hutaajiriwa serikalini nacho wala bodi haitakusajili. Kwa udaktari na uhandisi usikubali maneno ya simu.

Mimi ni mzazi, sikusoma mpaka huko. Nimuulize nini mwanangu?

Mwulize siku yake ya kazi itakuwaje. Ataamka saa ngapi, atashika nini mkononi, atakuwa na watu au peke yake, atakuwa mjini au porini. Mtoto anayejua anachokitaka atakueleza mpaka usinzie. Asiyejua atakutajia jina la kozi mara tatu. Ukiona hivyo usimkaripie; mtafutie mtu mmoja wa fani hiyo, hata kanisani au msikitini kwenu hakosekani, akakae naye siku mbili.

Sikupata popote dirisha la kwanza. Nimeishiwa?

Kuna dirisha la pili, na mara nyingi huongezwa la tatu. Safari hii usirudie kozi zile zile. Angalia zilizobaki na nafasi, na uwe mkweli na pointi zako. Kama pointi ndizo hazifiki, kuna programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, kuna stashahada, na kuna kurudia somo moja au mawili ukiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Ukichagua kurudia, jiandikishe mapema kwenye kituo, maana usajili hufungwa miezi mingi kabla ya mtihani wa Mei, na tafuta mwalimu wa somo hilo sasa, wakati wengine bado wanasherehekea.